Orodha ya Mzee wa Hässelby

Orodha ilikuwa na mambo kumi na moja, na la kwanza lilikuwa uji. Mzee aliiandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari la hesabu, na mbele ya kila jambo akaweka saa. Uji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Boti ya mtoni, saa mbili, kabla jua halijaanza kuuma. Buddha aliyelala, mara tu wanapofungua milango. Kenge wa bustanini, saa kumi alasiri.

"Ukifuata saa hizi utaliona jiji," aliniambia. "Usipozifuata utawaona watalii wenzako tu."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, namvalisha soksi za kubana, zile za watu ambao damu yao haipandi vizuri kutoka miguuni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miaka ile, kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nilikuwa naishi Hallunda, kitongoji cha Stockholm chenye wahamiaji wengi kama mimi, karibu na mwisho wa njia nyekundu ya treni. Kila asubuhi nilibadilisha treni katikati ya jiji, nikapanda njia ya kijani mpaka mwisho wake, Hässelby. Mzee alikuwa wa kwanza kwenye ratiba yangu. Soksi, vidonge, uji wa shayiri, kahawa, nusu saa, kisha naondoka kwenda kwa mwingine.

Alikuwa fundi wa lifti mpaka alipostaafu. Mke wake alipokufa alianza kwenda Bangkok kila mwezi wa kwanza na kurudi mwezi wa tatu, peke yake. Alikwenda hivyo miaka kumi na moja. Kisha moyo ukaanza kumsumbua na daktari akamkataza ndege. Nilipomjua mimi, yalikuwa ni majira ya tatu ya baridi anakaa dirishani jikoni akitazama kipimajoto kilichofungwa nje ya kioo. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume huko Göteborg, upande wa pili wa nchi, aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili.

Kwenye mlango wa friji alikuwa amebandika picha ya mwanamke mwenye kofia ya ukindu, amesimama nyuma ya mkokoteni wenye sufuria mbili. Nyuma yake mto wa rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani ni mtu aliyewahi kuwa mpenzi wake, nikawa sisemi kitu. Siku moja aliniona naitazama.

"Huyo ni uji," akasema.

Mwanamke huyo aliuza uji wa mchele karibu na gati la boti. Mzee hakujua jina lake sawasawa, na maneno waliyoelewana hayakuzidi kumi. Ila kila asubuhi alipomwona anakuja, mama yule alichukua vigoda viwili vya plastiki vyekundu akavipandanisha, kwa sababu kwenye kigoda kimoja magoti ya mzee yalifika masikioni. Akaketi hapo, akala, wakatazama mto. Mwezi wa tatu akiondoka alimwonyesha kwa vidole ni miezi mingapi mpaka atakaporudi, na mama alicheka. Mara ya mwisho alimwonyesha vidole kumi. Hakurudi.

"Anadhani nimekufa," mzee alisema. "Nataka ajue sijafa. Na mimi nataka kujua kama yupo. Nikijua yupo, nitajua la kufanya."

"La kufanya lipi?"

"Hilo halimo kwenye ratiba yako."

Mimi ni mtu nisiyetulia. Nilizaliwa Bujumbura, nikakaa Kigoma, nikakaa Nairobi, na tangu nifike Uswidi nilikuwa nimehama nyumba mara sita ndani ya Stockholm hiyo hiyo. Kila mwezi wa pili, theluji ikishakuwa nyeusi kando ya barabara, miguu ilianza kuniwasha, nikawa nasoma matangazo ya safari za dakika za mwisho. Waswidi wenyewe huenda Thailand kama sisi tulivyokuwa tukienda sokoni. Mwaka ule nilipata nafasi ya wiki moja, nikamwambia mzee, naye ndiyo akaketi kuandika orodha.

Rafiki yangu anayenisuka, mama mmoja wa Bukavu aliyefungua saluni chini ya ghorofa yetu Hallunda, hakunielewa kabisa.

"Unaendaka wapi?"

"Bangkok."

"Kule uko na nani?"

"Sina mtu."

Mikono yake ilisimama kichwani mwangu. "Ma chère, mutu anaendaka fasi hana mutu? Kufanya nini?"

"Kuangalia. Kuna mahekalu, kuna mto, kuna masoko. Kuna bustani yenye kenge."

"Kenge." Alimtazama mteja aliyekuwa anangoja zamu, kupitia kioo. "Umesikia? Mwenzetu ameacha kuenda kusalimia familia Bujumbura, anaenda kusalimia kenge. Utawapelekea zawadi gani?"

"Hawali ugali," mteja akasema. "Usihangaike na unga."

Nilicheka nao, lakini kulikuwa na ukweli ndani yake. Kwetu safari ni kwenda kwa mtu. Ukisema unasafiri, watu wanakuja na vifurushi: mpelekee shangazi dawa hizi, mpelekee mdogo wangu viatu hivi, mwambie tumepata barua. Sanduku lako linajaa vitu vya watu kabla hujaweka nguo yako ya kwanza. Sikuwa nimekwenda Bujumbura tangu mama yangu afariki, na safari hii ya Bangkok ilikuwa ya kwanza maishani mwangu ambayo hakuna mtu aliyegonga mlango na kifurushi. Sanduku lilikuwa jepesi mpaka nikaona haya kulivuta. Ni mzee peke yake aliyenipa kitu: orodha, ile picha ya kwenye friji, na pakiti ya kahawa ya Kiswidi. "Mpe hii," alisema. "Atajua imetoka kwa nani."

Kwa hiyo niliondoka kama msafiri wa kweli. Nilikuwa na salamu za mtu.

Nilifikia nyumba ndogo ya wageni kwenye kichochoro karibu na mto. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa gatini. Mkokoteni haukuwepo. Kulikuwa na mzee aliyeuza tiketi za bahati nasibu kwenye sanduku la mbao alilolitundika shingoni, na mwanamke aliyeuza mkate wa kuwatupia samaki. Maji yalikuwa yanachemka kwa kambare wakubwa, wanapandana kugombea mkate. Nilisimama pale na pakiti ya kahawa nusu saa nzima. Nikajiambia labda leo amepumzika.

Nikaendelea na orodha. Boti ilikuja, haikufunga kamba vizuri, kijana wa nyuma akapuliza filimbi na watu wakaruka ndani kama wanaovuka mtaro. Mzee alikuwa ameandika: kaa kushoto, nyuma, uso kwenye upepo. Nikakaa hapo. Mwanamke wa tiketi alipita akitikisa kopo refu la chuma, kata kata kata, na kila mtu alijua kwa mlio ule kwamba ni zamu yake kulipa. Upande mmoja hoteli za vioo, upande wa pili nyumba za mbao zilizosimama kwenye nguzo, mwanamke anafua, mbwa amelala juu ya ngazi inayoingia majini. Nilifurahi. Niligeuka kumwambia mtu, pembeni yangu kulikuwa na mtawa amesinzia.

Sanamu ya Buddha aliyelala ni kubwa kuliko akili inavyotaka kukubali. Amejaza jengo lote, dhahabu tupu, na nyayo zake zimechorwa kwa vipande vya gamba la chaza. Nyuma ya mgongo wake kuna safu ndefu ya bakuli za chuma, na watu wanapita wakidondosha sarafu moja kwenye kila bakuli. Ukifumba macho unasikia mvua inayoanza kwenye mabati. Mvua ya kwetu huanza hivyo, tone moja moja, na mama angekuwa ameshatoka mbio kuanua nguo. Nilifumba macho. Nilikaa hivyo mpaka mtu akanigusa bega.

Walikuwa mume na mke, wekundu kwa jua, wanasemezana kwa Kiswidi. Waliniomba kwa Kiingereza niwapige picha. Niliwajibu kwa Kiswidi kwamba wasogee kidogo kulia, kidole gumba cha Buddha hakionekani. Mwanamke akabaki mdomo wazi.

"Unatoka wapi?" akauliza.

"Hallunda."

Wakacheka, wakidhani nimetania. Walinishukuru, wakaenda zao, nikasikia mume anamwambia mkewe, "Hallunda," kisha wakacheka tena.

Siku zilipita hivyo. Soko la maua, ambako asumini zimerundikwa kama mchanga wa ujenzi na wanawake wanazitunga mashada bila kutazama vidole vyao. Hekalu la ng'ambo ya mto, lenye ngazi zilizosimama wima mno. Nilipanda mpaka kituo cha kwanza, nikatazama chini, nikaketi, nikashuka kwa makalio mbele ya watoto wa shule. Vichochoro vya Wachina, ambako nilipita kwenye moshi wa ndizi za kuchoma na mkaa na mapapai yaliyoanza kuoza, na harufu hiyo ikanishika shingoni. Ilikuwa ni soko la Bujumbura saa tano asubuhi. Mara mbili niligeuka kwa sababu nilisikia ninaitwa. Hakuna aliyeniita, na jina langu hapo hakuna anayeweza kulitamka.

Kenge niliwakuta saa kumi alasiri, kama ilivyoandikwa. Ni bustani katikati ya jiji, ina ziwa, wafanyakazi wa maofisini wanakimbia wakiizunguka. Mmoja alitoka majini, mrefu kama benchi, akavuka njia polepole. Wakimbiaji wakasimama kumpisha. Kwetu kumwita mtu kenge ni kutafuta ugomvi, na hapa kenge anapishwa kama diwani. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, na mama mmoja akamvuta mtoto wake akae mbali nami.

Kila asubuhi kabla ya yote hayo nilipita gatini. Mkokoteni haukuwepo. Picha ilikuwa mfukoni mwangu siku zote hizo na sikuitoa. Nilijua nikiitoa mtu atanijibu.

Niliitoa siku ya tano. Mzee wa bahati nasibu aliitazama, akaita kwa sauti kuelekea vibanda vya ndani. Akaja mwanamke wa umri wangu, amefunga aproni, mikono imelowa. Aliishika picha kwa vidole viwili ili asiiloweshe. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na changu hakikuwa kikubwa sana.

"Mama yangu," alisema. "Amekufa. Mwezi wa nane."

Alisema hivyo hivyo, kwa tabasamu, kwa pumzi moja, kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Kisha akainua mkono juu ya kichwa chake, juu zaidi, akasimama kwa ncha za vidole.

"Mzungu mrefu? Yuko wapi?"

"Anaumwa kidogo," nikasema.

Alivuta vigoda viwili vyekundu, akavipandanisha, akanionyesha nikae, ingawa mimi ni mfupi na miguu yangu ilibaki inaning'inia. Hakuwa anauza uji. Aliuza kahawa ya barafu. Uji ulikuwa wa mama, alisema, yeye hauwezi. Nilimpa pakiti ya kahawa, akainusa, akaingia ndani ya kibanda. Niliona kwa upenyo wa pazia akiiweka kwenye rafu mbele ya picha ya mama yake, karibu na glasi ya maji na shada la asumini. Aliporudi alinipa kijiko cha kauri, kile kifupi kinene cha kulia uji, cheupe, kimechubuka ukingoni. Akaonyesha tena urefu ule hewani. Cha mzee.

Nilirudi Stockholm na kijiko nimekifunga ndani ya soksi.

Sasa lazima nieleze tunavyofanya, kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila hilo. Kwetu habari ya msiba haipewi mtu kwa mkupuo. Mama yangu alipofariki, kaka yangu alinipigia simu Jumatatu kutoka Bujumbura akasema mama anaumwa kidogo. Nikamwambia mpe salamu, mwambie nitapiga Jumamosi. Akasema nitampa. Jumanne akapiga: amelazwa. Jumatano: amezidiwa. Alhamisi jioni niliposikia kengele ya mlango nikakuta rafiki yangu wa Bukavu na wanawake wanne wa kanisani wamesimama kwenye korido na masufuria mikononi. Niliketi chini sakafuni kabla hawajafungua mdomo. Walikuwa wameshapigiwa simu wote. Sikuona nimedanganywa. Niliona nimebebwa, ngazi moja moja, mpaka chini.

Ndivyo nilivyokusudia kumbeba mzee.

Jumanne asubuhi nilimkuta ameketi tayari, mikono juu ya meza. Hakungoja nivue koti.

"Yupo?"

"Anakusalimia," nikasema. "Ila anaumwa kidogo."

Aliliweka upande wangu sikio lake zuri, lile linalosikia. "Anaumwa nini?"

"Kifua, nadhani."

"Ulimwona?"

"Kidogo tu. Alikuwa amelala."

Akatikisa kichwa polepole. Nikamvalisha soksi, na alipoanza kuuliza kuhusu boti na Buddha nilipumua. Nilimsimulia yote. Nilimwambia nilipanda lile hekalu mpaka juu na nikaona mto ukipinda. Alifurahi sana kwa hilo. "Upepo ulikuwepo?" Nikasema ulikuwepo.

Kijiko kilikuwa mfukoni mwa koti langu. Sikuweza kukitoa. Hakuna mtu anayegawa kijiko cha uji wakati mpishi yupo hai.

Mpango wangu ulikuwa Ijumaa nimwambie amezidiwa, na Jumatatu nimwambie lililobaki. Jioni ile kwenye treni nilifikiria nani atakuja nami siku hiyo ya mwisho. Hakukuwa na mtu. Mwanawe alikuwa Göteborg, jirani wa mlango wa pili hakujua hata jina lake. Ningekuja mimi na sare yangu ya kazi, na nusu saa yangu.

Lakini Jumatano ofisi ilinihamishia njia nyingine, mwenzangu alikuwa mgonjwa, na mtu mwingine akapewa wazee wangu. Nilirudi Hässelby Jumatatu. Nilifungua mlango na mguu wangu ukagonga sanduku.

Lilikuwa wazi katikati ya korido. Mzee alikuwa amejivalisha soksi mwenyewe, visigino vimegeukia mbele. Kwenye meza ya jikoni pasipoti, ambayo alikuwa akiifanya upya miaka yote hata baada ya daktari kumkataza. Tiketi ilikuwa ya Alhamisi. Ameinunua kwa simu.

"Daktari amesema nini?" niliuliza.

"Daktari hajaulizwa."

"Moyo wako."

"Moyo wangu umekaa dirishani miaka mitatu. Ulisema yupo. Ulisema anaumwa. Mtu akiumwa unakwenda sasa, hungoji apone ndiyo uende."

Nilipiga magoti kando ya sanduku, sijui kwa nini, labda kwa mazoea ya kupiga magoti mbele yake. Mashati mawili ya mikono mifupi, yamepigwa pasi. Viatu vya wazi. Na kwenye kona, zimefungwa vizuri kwa kamba, pakiti sita za unga wa supu nyekundu, ile ya matunda ya waridi mwitu. Waswidi humpa mtu aliyelala kitandani asiyeweza kula. Alikuwa anampelekea mgonjwa chakula cha mgonjwa.

Ngazi zangu ziliishia hapo. Sikuwa na Ijumaa wala Jumatatu nyingine. Niliinuka, nikatoa kijiko mfukoni, nikakiweka mezani karibu na pasipoti.

"Amekufa," nikasema.

Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu ambaye hakuwa analijua tayari.

Alikitazama kijiko. Hakukigusa.

"Lini?"

"Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane." Alihesabu kitu kimoyomoyo. "Kwa hiyo Jumanne ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniambia anaumwa."

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu kaka yangu na simu ya Jumatatu, simu ya Jumanne, wale wanawake na masufuria. Nilimweleza kwamba kwetu ndiyo heshima. Kiswidi changu kilianza kuvunjika, kwa sababu ni mambo ambayo sikuwahi kuyasema kwa lugha hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, sikio zuri upande wangu.

"Siku sita," akasema. "Siku sita nimepiga pasi."

"Najua."

"Na salamu?"

Niliinama nikaanza kumgeuza soksi zilizokaa vibaya.

"Salamu ulizitunga."

"Ndiyo."

Alisukuma pasipoti kando kwa kidole, kama mtu anayeondoa makombo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Na wewe, mama yako alikufa siku gani?"

"Alhamisi," nikasema.

"Hiyo ni siku uliyoambiwa."

Simu ya kazini ililia kunikumbusha kwamba nusu saa imekwisha. Akaniambia niende. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema kila siku, ila hakuniangalia. Nilikunja mashati, nikayarudisha kabatini. Pakiti za supu sikujua pa kuziweka, nikaziacha juu ya friji.

Jioni nilipiga simu Bujumbura. Kaka yangu alisema mtandao ni mbaya, nikamwambia nakusikia vizuri. Nikamuuliza mama alikufa siku gani.

"Dada, ni mambo ya zamani hayo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nataka kujua tu."

Nilimsikia akifunga mlango.

"Jumapili," alisema. "Baada ya misa."

Jumapili ile mimi na rafiki yangu wa Bukavu tulikuwa tumepanda boti kwenda visiwani, na mikate na chupa ya chai, siku ya kwanza ya joto mwaka ule. Tulipiga picha. Ninayo hadi leo, nimevaa gauni la njano na ninashika kofia isipeperuke. Jumatatu nilipomwambia kaka ampe mama salamu, akajibu atampa, mama alikuwa tayari mbele yake sebuleni, amevikwa sanda. Kila mwaka nilikuwa nawasha mshumaa siku ya Alhamisi ile. Nilikuwa nimechelewa siku nne, kila mwaka.

Sikumlaumu. Nilimwambia asalimie watoto, nikakata.

Asubuhi nilikwenda Hässelby nikiwa na hakika nitakuta ofisi imeshapigiwa simu, mzee ameomba mtu mwingine. Ni haki yake, na wengine huomba kwa makosa madogo kuliko langu. Nilisimama mbele ya mlango na funguo mkononi. Ndani nilisikia kijiko kinagonga bakuli.

Alikuwa ameketi mezani. Alikuwa amejipikia ile supu nyekundu mwenyewe, imemwagika kidogo juu ya jiko, na anakula kwa kijiko cha kauri. Sanduku halikuwepo kwenye korido. Nilivua koti, nikapiga magoti, nikaanza na mguu wa kulia. Soksi zote mbili ziliingia. Nje ya dirisha kipimajoto kilikuwa chini ya sifuri.

Kisha akaivuta orodha niliyomrudishia kutoka chini ya sahani, ile karatasi ya hesabu, imekunjika kwa jasho la mifuko yangu, akaiweka mbele yangu na kuinyoosha kwa kiganja.

"Nisimulie upya," akasema. "Yote. Ondoa ulivyotunga."

"Hekalu sikupanda," nikasema. "Niliogopa. Nilishuka kwa makalio."

"Nilijua. Huko juu siku zote kuna upepo mkali, na wewe ulisema upepo ulikuwepo kama mtu anayeulizwa kama kuna sukari." Akachota supu. "Lakini usianzie huko. Anza na la kwanza."

"Uji haukuwepo."

"Najua," akasema. "Anza hapo."